Ardhi Nayo Isainiwe: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Menlifti Saiti

Kwa: Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), Msajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, wahandisi washauri, mameneja wa miradi na wenye kampuni zinazokodisha mashine.

YAH: MENLIFTI KWENYE ARDHI ISIYO SAWA

Ndugu viongozi,

Mkaguzi akifika saiti na kuuliza habari za menlifti, yaani mashine inayompandisha mtu juu kwenye kapu afanye kazi, huletewa faili. Ndani yake mna cheti cha ukaguzi wa mashine, cheti cha opereta, bima, labda na orodha ya ukaguzi wa asubuhi iliyotiwa vema kila mstari. Ni nadra faili hiyo kuwa na karatasi hata moja inayosema mashine imesimama juu ya nini. Nani aliipima ardhi, lini, kwa kifaa gani, na ilionekana ina uwezo wa kubeba kiasi gani? Hakuna jina. Mashine ina baba, opereta ana baba, ardhi ni yatima.

Tunawaandikia kuhusu karatasi hiyo moja inayokosekana. Menlifti nzima yenye opereta aliyefunzwa inaweza kulala chini asubuhi ile ile iliyokaguliwa, na ukaguzi huo usiwe na kosa lolote. Hesabu zote za uthabiti alizofanya aliyeiunda zinaanza na sharti moja: magurudumu, au miguu ya jeki inayoteremshwa kuishikilia mashine, ibaki pale ilipowekwa. Sharti hilo likivunjika, kila kilichoandikwa kwenye cheti kinakuwa habari za mashine nyingine.

Chukueni siza ndogo ya umeme (siza ni menlifti inayopanda wima kwa vyuma vinavyokunjuka kama mkasi), ile ya kazi za ndani inayopanda mita 6. Upana wake ni takriban sentimita 76. Gurudumu moja likiingia kwenye shimo la sentimita 10, mashine inalala digrii 7 na nusu, na kapu lililo juu linahama karibu sentimita 80 kwenda pembeni, yaani kupita upana wa mashine yenyewe. Bumu, yaani menlifti yenye mkono mrefu unaobeba kapu (mkono wenyewe nao huitwa bumu), lina msingi mpana zaidi, lakini linafika mbali zaidi. Tairi la upande mmoja likizama sentimita 4 tu, kapu lililo mita 18 juu linahama karibu sentimita 35. Aliye chini haoni kitu. Aliye juu anahisi kama dunia imemponyoka.

Sasa kuna namba mbili ambazo saiti zetu zinazichanganya kila siku, na kwa kuwa zabuni na maombi ya kukodi huandikwa na watu wa ofisini, mchanganyiko huo huanzia huko. Kwenye karatasi ya sifa za mashine mtaona imeandikwa kwamba inapanda mwinuko wa asilimia 25, au 40, au 45. Hiyo ni ya kutembea, kapu likiwa limeshushwa na kukunjwa kabisa. Haihusiani na kufanya kazi juu. Mwinamo wa kufanyia kazi ni namba nyingine, huandikwa kwa digrii, tena ni ndogo mno: siza nyingi za ndani hukubali digrii 1.5 kwa upande na 3 kwa mbele na nyuma. Mabumu mengi ya nje hukubali kati ya 3 na 5 kutegemea muundo. Asilimia 45 ni kama digrii 24. Mtu anayesoma 45 akadhani ndicho kipimo cha kazi amejipa ruhusa mara tano ya ile aliyopewa na kiwanda. Namba ya kweli iko kwenye bamba la mashine na kwenye kitabu chake, na kama bamba limefutika kwa rangi au zege, mashine hiyo haijakamilika.

Digrii hazionekani kwa macho. Opereta akiambiwa "usizidishe digrii moja na nusu" hajapewa kitu cha kufanya. Apewe milimita. Fito ya alumini iliyonyooka yenye urefu wa mita 1, pima maji juu yake, na rula: laza fito ardhini, inua ncha ya chini mpaka povu likae katikati, pima nafasi iliyo kati ya fito na ardhi. Milimita 26 ni digrii 1.5. Milimita 52 ni digrii 3. Milimita 87 ni digrii 5. Kwa fito ya mita 2 zidisha mara mbili. Pima njia zote mbili, kwa urefu na kwa upana wa mashine, tena pima pale hasa magurudumu yatakapokaa, maana wastani wa uwanja mzima hausaidii gurudumu moja lililo kwenye bonde lake. Kifaa hicho hakizidi bei ya jozi moja ya buti za kazi. Tungependa kila menlifti inayotoka yadi iende na fito yake, na kwenye kapu pabandikwe stika ya Kiswahili yenye milimita hizo.

Kipimo hicho kinafichua jambo ambalo wengi hulipuuza. Sakafu ya nje ya zege, kama baraza la ghala au sehemu ya kupakia mizigo, humwagwa kwa mteremko wa asilimia 2 ili maji ya mvua yatoke. Kwa macho ni tambarare kabisa. Lakini asilimia 2 ni milimita 20 kwa mita, na kwa siza ya upana wa sentimita 76 maana yake ni tofauti ya milimita 15 kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, wakati digrii 1.5 yote ni kama milimita 20. Zimebaki 5. Kokoto moja ndogo chini ya gurudumu la upande wa juu inamaliza akiba hiyo. Ndiyo maana mashine hupiga kelele "bila sababu" kwenye zege zuri, na ndiyo maana mafundi hushawishika kukata waya wa kengele ya mwinamo, wakisema kihisi kimeharibika. Kihisi kizima kinasema kweli. Dawa ni kuigeuza mashine ili mteremko uangukie kwenye urefu wake, ambako inaruhusiwa zaidi, au kuleta mashine ya aina nyingine.

Tukiwa hapo kwenye kengele: inajua jambo moja tu, fremu ya mashine imelala kiasi gani sasa hivi. Haijui kama chini ya tairi kuna mwamba au shimo la karo. Haijui kama udongo utashuka dakika mbili zijazo. Kuitegemea kengele badala ya kuipima ardhi ni sawa na kumsubiri mgonjwa azirai ndipo umpime joto. Hata hivyo ikilia mtu akiwa juu, kuna utaratibu, na utaratibu huo tumekuta haufahamiki hata kwa baadhi ya wenye vyeti. Kwa mabumu mengi uko hivi. Kapu likiwa upande wa juu wa mteremko, shusha bumu kwanza, ndipo ulivute kulifupisha. Kapu likiwa upande wa chini wa mteremko, livute kwanza, ndipo ushushe, kwa sababu ukianza kushusha bumu lililonyooka kuelekea bondeni unausogeza uzito nje zaidi ya msingi na unaimalizia mashine mwenyewe. Katika hali zote mbili usizungushe bumu wakati wa kushuka. Kisha toka hapo, usiongeze jiwe chini ya tairi.

Hilo la mawe na matofali tulitaje moja kwa moja. Kuweka tofali, kipande cha mbao au bamba chini ya magurudumu ya siza au bumu ili "kuisawazisha" hakuruhusiwi. Tofali la saruji hupasuka ghafla, bila dalili. Mbao huteleza gurudumu likizunguka kidogo. Mashine ya magurudumu husawazishwa kwa kuandaa ardhi, basi. Kuegeshea mbao kunahusu mashine zenye miguu ya jeki, na huko nako kuna kanuni zake.

Kwa mashine zote, za magurudumu na za miguu, kanuni ya kwanza ni ya hesabu, nayo si ngumu kiasi cha kumwachia mhandisi peke yake. Bumu la mita 18 lina uzito wa tani 10 hivi. Watu hugawanya kwa nne na kusema kila tairi linabeba tani mbili na nusu. Si kweli. Bumu likinyooshwa kuelekea kona moja, tairi la kona hiyo linaweza kubeba karibu nusu ya uzito wote. Kitabu cha mashine hutaja mzigo huo wa juu kabisa wa tairi moja. Tani 5 zikishuka kwenye alama ya tairi yenye ukubwa wa takriban sentimita 35 kwa 25 ni zaidi ya tani 50 kwa mita mraba. Sasa linganisheni na ardhi. Katika vipimo vya kawaida vya misingi, mchanga uliolegea huhesabiwa chini ya tani 10 kwa mita mraba, mchanga ulioshikana kiasi kati ya 10 na 30, mfinyanzi mgumu kiasi kati ya 7.5 na 15, na mfinyanzi laini chini ya 7.5. Namba hizo zimewekewa akiba ndani yake, ndiyo maana tairi halizami papo hapo kama jiwe majini. Linazama polepole, kona ile ile iliyoelemewa, wakati mtu yuko juu anafunga bolti.

Kwa mashine za miguu, chukueni mguu unaobeba tani 4. Namba hii huandikwa kwenye mguu wenyewe au kwenye kitabu. Isipoonekana, mwenye mashine aitoe kwa maandishi. Kisahani chake cha kipenyo cha sentimita 20 kinasukuma ardhi kwa zaidi ya tani 120 kwa mita mraba. Kwenye mchanga wa tani 10, unahitaji eneo la mita mraba 0.4, yaani pedi ya sentimita 63 kila upande. Kwenye mfinyanzi laini ambao mhandisi amesema usizidishwe tani 5, unahitaji mita mraba 0.8, yaani sentimita 90 kila upande. Ubao mmoja wa inchi 2 uliolazwa hapo hausaidii hata ukiwa mpana: unapinda, na kinachobeba ni sehemu ya katikati tu. Pedi iwe ngumu. Ama ile ya plastiki nzito ya kiwandani, ama mbao ngumu safu mbili zilizopishana na kufungwa kwa bolti. Mguu ukae katikati ya pedi. Chini ya pedi pasiwe na mwanya wala jiwe lililochomoza, na pedi ilale sawa, maana ikilala mshazari mguu utateleza juu yake. Ikiwa mteremko unalazimisha kurundika, rundo liwe pana chini, safu zipishane, na lisiwe jembamba kama mnara wa watoto.

Mashine ikishakaa juu ya miguu yake na povu la pima maji likiwa katikati, kazi ya kupima haijaisha. Kapu likiwa tupu na chini, zungusha bumu duara zima kwa kutumia swichi za ardhini, polepole. Kila mguu utapata zamu ya kuelemewa. Kisha rudi kwenye pima maji. Ikiwa povu limehama, ardhi imekubali kushuka, na itashuka tena. Rudia kutazama baada ya kila mvua, baada ya mapumziko ya mchana, na kila mashine inapohamishwa hata kwa hatua tatu.

Sasa tuje mahali panapotisha kuliko pote, na ndipo tungependa wahandisi washauri wasome mara mbili: kifusi kilichorudishiwa.

Ghala la nguzo za chuma hujengwa hivi. Mashimo ya misingi huchimbwa, tuseme mita 1.5 kwenda chini na upana wa mita 2 hivi. Zege humwagwa, nguzo husimamishwa, na shimo linafukiwa kwa udongo ule ule uliotoka humo, mara nyingi kwa kijiko kinachomwaga mara moja mpaka juu, kisha kinapita kwa magurudumu au minyororo yake. Juu panakuwa pagumu. Sentimita 20 za juu zinapigwa na malori na jua mpaka zinalia chini ya buti. Mita moja chini yake ni udongo uliolegea wenye mianya. Wiki mbili baadaye menlifti inaletwa kufunga vyuma vya paa. Itasimama wapi? Pembeni ya nguzo, kwa kuwa kazi iko kwenye nguzo. Yaani ramani ya mashimo yaliyofukiwa na ramani ya vituo vya menlifti ni ramani moja. Mnara wa hatari umejengwa na mpangilio wa kazi wenyewe, opereta hakuhusishwa.

Dawa inajulikana, na ni ya bei nafuu ikifanywa wakati wa kufukia. Rudishia kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa kompakta ya sahani au ya kuruka likiwa na unyevu wake, si vumbi na si tope. Karibu na kingo za msingi ambako rola haifiki, ndipo pa kutumia kompakta ya kuruka, na ndipo huachwa. Ikiwa hayo hayakufanyika, mashimo yachorwe kwenye mchoro wa saiti kwa rangi nyekundu na menlifti isipite juu yake mpaka yafukuliwe au yapimwe. Kupima kwa kifaa cha koni kinachogongwa huchukua dakika chache kwa kila shimo. Ukosefu wa kifaa hicho usiwe kisingizio cha kutofanya chochote: nondo ya milimita 12 inayozama kwa nguvu ya mkono wa mtu mmoja imeshatoa jibu la "hapana". Inapokataa kuzama, bado haijatoa jibu la "ndiyo", kwa kuwa huenda imegonga jiwe au ile ngozi ngumu ya juu. Kanuni ya mtaro ulio wazi ni hivyo hivyo rahisi: ardhi ikiwa imara, kaa mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kina cha mtaro, ikiwa imelegea au ni ya kifusi, mara mbili ya kina. Mtaro wa mita 1.5 kwenye kifusi unadai mita 3.

Nchi yetu ina udongo wa kila namna, na fomu moja iliyoletwa kutoka nje haiujui. Mbuga nyeusi ya Shinyanga na Mwanza vijijini hupasuka wakati wa kiangazi mpaka mkono unaingia, halafu mvua za kwanza za vuli zikishuka, ile nyufa inanywa maji na udongo unavimba na kulainika kuanzia ndani. Juu panaweza kukauka kwa jua la siku mbili, ndani bado ni uji. Mwanza mjini shida ni mawe: gurudumu moja juu ya jabali, la pili kwenye udongo uliojaza kati ya majabali, na mashine inakaa kwa miguu mitatu bila opereta kujua. Dar es Salaam ni mchanga, ambao ukiwa mkavu na umefungwa pande zote hubeba vizuri, lakini ukikatwa ukingo humwagika. Tena jijini kuna mitaro iliyofunikwa slabu za zege na makaro ya zamani yasiyo kwenye mchoro wowote. Slabu za waenda kwa miguu zilitengenezwa kwa ajili ya watu. Kabla ya kuleta mashine kwenye jengo la zamani, aulizwe mlinzi au mwenye nyumba jirani karo liko wapi. Swali hilo halimo kwenye fomu yoyote, na mara nyingi ndilo lenye jibu.

Ardhi iliyopimwa Januari si ardhi ya Aprili. Karatasi ya ardhi tunayoiomba iwe na tarehe ya kuisha, na mvua kubwa iifute palepale.

Kuna kosa jingine la mteremko ambalo ni la magari yenye kapu, yale ya kutengeneza taa za barabarani na nyaya. Breki ya mkono ya lori, kwa kawaida, inashika magurudumu ya nyuma. Lori likiegeshwa kwenye mteremko na miguu ya jeki ikainua nyuma kwanza, magurudumu yenye breki yanaachana na ardhi, na lori zima sasa limekaa juu ya magurudumu ya mbele yasiyo na breki na visahani viwili vya chuma. Huteleza. Ndiyo sababu hushauriwa kuelekeza pua ya gari bondeni, kuweka kabari kwenye magurudumu, kuteremsha miguu ya mbele kwanza ili upande wa chini uinuke, na kuhakikisha magurudumu ya breki ndiyo ya mwisho kuondoka ardhini kama kweli kiwanda kinataka yaondoke. Wakati wa kufunga kazi, hayo hayo ya breki ndiyo ya kwanza kugusa chini. Mteremko ukizidi ule ulioandikwa kwenye gari, hakuna mpangilio wa miguu utakaousamehe. Kazi ifanywe kwa ngazi au jukwaa, au gari lipate mahali pengine.

Kwa kampuni zinazokodisha tuna machache mahususi. Menlifti za ardhi mbaya nyingi zina ekseli inayocheza ili magurudumu yote manne yafuate mabonde wakati wa kutembea, na inapaswa kujifunga bumu linapoinuliwa au kuzungushwa. Mfumo huo unapimika: panda gurudumu moja la mbele juu ya gogo la sentimita 15 lenye mwinuko wa kupandia, zungusha bumu kidogo nje ya mstari, kisha rudi nyuma polepole. Gurudumu lililoshuka kutoka kwenye gogo linapaswa kubaki likining'inia. Likianguka, mashine hiyo isiende saiti. Chini ya siza kuna mabawa ya chuma yanayoshuka kapu likianza kupanda, yakaacha uwazi wa sentimita 2 hivi kutoka ardhini, ili gurudumu likitumbukia, mabawa yabebe uzito. Jiwe likiyazuia, mashine hukataa kupanda. Tumeona swichi zake zimefungwa kwa waya wa kufungia nondo ili kazi iendelee. Mkaguzi ainame atazame hapo, haichukui dakika.

Matairi yaliyojazwa povu ni mazito kwa makusudi. Ni sehemu ya uzito unaoizuia mashine isianguke. Kuyabadilisha kwa matairi ya upepo ya lori kwa kuwa yanapatikana kwa urahisi ni kupunguza uzito huo na kuleta tairi litakalopungua upepo upande mmoja. Betri za siza nazo ni vivyo hivyo. Betri nyepesi "zenye chaji sawa" zimebadilisha mahali pa kitovu cha uzito, hata kama mashine inawaka vizuri.

Kuhusu upepo tutasema kidogo, kwa kuwa ni somo lake. Mashine zilizopewa kibali cha nje kwa kawaida huhesabiwa kwa upepo usiozidi mita 12.5 kwa sekunde, yaani kilomita 45 kwa saa. Nyingine ni za ndani tu na kibali chao cha upepo ni sifuri. Mwambao wakati wa kusi namba hiyo haiko mbali. Bati moja la mita 3 lililoshikwa juu ni tanga. Upepo na mwinamo hujumlishwa, wala havisubiriani zamu.

Na mkanda. Kwenye bumu, mkanda wa mwili mzima wenye kamba fupi iliyofungwa kwenye ndoano ya kapu si hiari, na sababu yake ni ardhi hii hii. Tairi likidondoka kutoka kwenye ukingo wa sentimita 10, bumu refu huchapa na kumrusha mtu kama jiwe la manati, ingawa mashine yenyewe inabaki imesimama. Kamba ndefu itamwacha atoke nje ndipo imshike. Chini awepo mtu anayezijua swichi za dharura za kushushia, na azijaribu kila asubuhi, siyo tu kuonyeshwa zilipo.

Tunachoomba ni hiki.

OSHA: ukaguzi wa menlifti uwe na ukurasa wa ardhi. Uonyeshe mwinamo uliopimwa kwa milimita katika pande mbili, aina ya udongo, mzigo wa juu wa tairi au mguu, ukubwa wa pedi, mahali pa mashimo yaliyofukiwa, tarehe, na jina la aliyepima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamdai mwajiri mahali pa kazi palipo salama, na ardhi inayoibeba mashine ni sehemu ya mahali hapo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18893 kuhusu matumizi salama ya mashine hizi kinataka mahali pakaguliwe kabla ya kazi, hatuombi jipya.

Bodi ya Makandarasi na wenye miradi: maandalizi ya njia za menlifti yawe na mstari wake kwenye jedwali la kazi na gharama. Kuondoa sentimita 15 hadi 20 za udongo wa juu, kumwaga changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kuzishindilia, upana wa mashine na mita 1 kila upande. Kitu kisichokuwa na mstari hakina fedha, na kisicho na fedha kitafanywa na opereta kwa sepetu saa moja asubuhi. Kwenye saiti zenye wakandarasi wadogo wengi, mkandarasi mkuu ndiye akabidhi ardhi kwa maandishi, kwa sababu ndiye anayejua nani alichimba wapi wiki iliyopita.

Kampuni za kukodisha: swali la kwanza kwa mteja liwe "itasimama wapi?" kabla ya "mita ngapi?". Pedi, fito na kitabu viende na mashine, na kurasa za mwinamo na dharura ziwe kwa Kiswahili. Siza ya ndani isipelekwe kwenye udongo mtupu hata mteja akilipa zaidi.

VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na wanaofundisha waendeshaji: siku moja ya mafunzo ifanyike nje ya sakafu ya karakana, kwenye kifusi halisi, kwa fito na nondo mkononi.

Mameneja wa miradi: opereta akikataa ardhi, siku yake ilipwe. Tunajua sentensi hii itawakera wahasibu. Lakini opereta anayepoteza posho kwa kusema "hapana" atasema "ndiyo", na saini yake haitakuwa na maana yoyote.

Rasimu ya ukurasa wa ardhi tumeshaiandaa, upande mmoja wa karatasi ya A4, na inajazwa kwa dakika 15. Tuko tayari kuileta mezani na kuijaribu pamoja nanyi kwenye saiti yoyote mtakayoichagua, kabla masika hayajaanza.

Ni sisi,
Waendeshaji, mafundi na wakaguzi wa mashine za kazi za juu